Minyoo fundo ya maharagi na karanga, na kuvu zinazoila udongoni

Mwezi wa nne, miaka michache iliyopita, mama mmoja mjane wa parokia yetu alifika nyumbani kwangu kabla ya ibada ya asubuhi. Maharagi yake yalikuwa yakigeuka manjano, si shamba zima, bali kwa viraka: hapa kiraka cha hatua tano, pale kingine. Saa sita mchana majani yalilegea kama yamekosa maji, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku. Shamba la shemeji yake, lililotengwa na lake kwa mpaka wa nyasi tu, lilikuwa la kijani. Maneno yalikwisha kuanza kijijini: nani alionekana pale jioni, nani alizika nini kwenye mpaka.

Nilikwenda pamoja na mzee wa kanisa. Tuliomba, kisha tukang'oa mashina kadhaa, na kwenye mizizi tukaona uvimbe. Nikamwambia mama ang'oe kila shina lenye uvimbe na kulichoma moto. Alitii. Juma lililofuata agronomu mmoja aliyekuwa akipita kwenda Kabambare alitazama yaliyobaki, akaniuliza kwa upole ni nani aliyetoa shauri lile. Mjane alikuwa amechoma mashina yenye ugonjwa pamoja na mashina yenye afya kabisa, kwa sababu mimi mchungaji wake sikujua tofauti ya vinundu na mafundo. Mavuno yaliyopotea kwa shauri langu yalikuwa sehemu ya minervali ya watoto wake.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza. Haya ni kwa ajili ya wachungaji, wazee na wamama wa vikundi vya kilimo wa kusini mwa Maniema ambao wataitwa shambani kama mimi, na ambao hawana maabara karibu.

Mnyoo wenyewe

Minyoo fundo ni nematodi, yaani minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho. Wataalamu huiita Meloidogyne. Mtoto wa mnyoo anayetoka kwenye yai ana urefu wa karibu nusu milimeta, mwembamba kuliko unywele. Hutambaa katika maji yaliyomo kati ya chembe za udongo, akifuata harufu ya mizizi, kisha huingia karibu na ncha ya mzizi. Akishaingia hatembei tena. Huchagua seli chache za mmea, huzitia mate yake, na seli hizo hukua kuwa kubwa kupita kiasi, zikimlisha kama vyungu vilivyo jikoni. Mzizi unaozizunguka huvimba. Huo ndio uvimbe tunaouita fundo.

Jike huvimba pia, huwa na umbo la peya, na hutaga mayai mia tatu, mia tano, saa zingine zaidi, ndani ya ute kama jelatini unaobaki ubavuni mwa mzizi. Katika joto kama letu la Kasongo, kutoka yai hadi mama anayetaga huchukua karibu mwezi mmoja. Karanga hukaa ardhini miezi mitatu au zaidi kidogo. Hesabu mwenyewe: vizazi vitatu katika msimu mmoja. Ndiyo sababu shamba linaweza kuonekana zuri mwezi wa kwanza, kisha kuanguka wakati maua yanapotoka. Na ndiyo sababu msimu wa pili pale pale huwa mbaya kuliko wa kwanza.

Mnyoo huyu si mgeni wala si wa kwetu peke yetu. Mwingereza Berkeley aliandika juu ya mafundo haya kwenye mizizi ya matango mwaka 1855. Leo yanajulikana katika nchi zote za joto, na zaidi ya aina elfu mbili za mimea zinaweza kumlisha. Nyanya, yaani tomati zetu, bilinganya, gombo, lengalenga, viazi vitamu na hata mihogo, vyote ni meza yake. Mahindi pia humlisha, lakini mara nyingi bila kuonyesha mafundo makubwa, hivyo mtu hudhani amepumzisha shamba kumbe ameendelea kufuga minyoo.

Kwa nini inaonekana kuzidi kwetu? Ninayoyaona kwa macho ni haya. Zamani mtu alilima misimu miwili au mitatu, kisha akaacha porini miaka mingi. Sasa familia nyingi zilizokimbia vijiji vya upande wa Kabambare zinalima vipande vidogo karibu na mji wa Kasongo na kando ya barabara, kwa sababu mashamba ya mbali hayana usalama. Kipande kile kile hupandwa msimu A na msimu B, mwaka baada ya mwaka, maharagi, tomati, gombo, tena maharagi. Kwa mnyoo hii ni karamu isiyokwisha.

Vinundu na mafundo

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimea ya jamii ya kunde, yaani maharagi, karanga, soja, kunde na njugu mawe, ina wageni wema kwenye mizizi yake. Ni bakteria ambazo huvuta naitrojeni kutoka hewani na kumpa mmea chakula. Hukaa katika vinundu vidogo vya mviringo. Kinundu kimeshikamana na ubavu wa mzizi tu, kama ushanga ulioshonwa juu ya kitambaa. Ukikisugua kwa kidole kinaanguka na mzizi unabaki mzima. Ukikipasua kwa ukucha, ndani utaona rangi ya waridi au nyekundu kama damu nyepesi. Kinundu chenye rangi hiyo kinafanya kazi. Usikiguse.

Fundo la minyoo ni kitu kingine. Ni mzizi wenyewe uliovimba, kama kamba iliyofungwa mafundo. Huwezi kuliondoa bila kukata mzizi. Halina umbo sawa. Mengine ni madogo kama chembe ya mchele, mengine yameungana kuwa uvimbe mrefu. Ndani ni jeupe au la manjano hafifu, na ukiwa na macho mazuri utaona vitone vidogo vinavyong'aa kama lulu: hao ni majike. Kwenye karanga, aina zinazoishambulia huweza kuvimbisha hata maganda ya karanga zenyewe.

Tena minyoo huwafukuza wageni wale wema. Watafiti wa Kenya waliochunguza maharagi na kutoa matokeo yao mwaka 1999 walionyesha kwamba maharagi yaliyoshambuliwa na minyoo fundo huwa na vinundu vichache. Kwa hiyo mmea unapata njaa mara mbili: mnyoo anakula, na mboleo ya hewani haiingii.

Usivute shina kwa mkono kama tulivyofanya sisi, maana mizizi midogo yenye mafundo hukatika na kubaki ardhini. Chimba kwa jembe pembeni, inua na udongo wake, tia ndani ya beseni la maji, tikisa polepole. Fanya hivyo kwa mashina kumi kutoka sehemu mbalimbali, yaliyo mabaya na yaliyo mazuri. Usiamue kwa shina moja.

Na si kila manjano ni minyoo. Karanga zilizodumaa, zenye majani madogo yaliyosongamana kama ua na rangi ya mabakamabaka, huenda zina rozeti, ugonjwa wa virusi unaoletwa na vidukari. Ukizichimba mizizi ni safi. Mizizi iliyooza na kuwa kahawia bila uvimbe ni ugonjwa mwingine tena. Mzizi ndio unaosema, si jani.

Nina sababu ya kusisitiza jambo hili. Katika vijiji vyetu shamba linalokufa kwa viraka huku la jirani likiwa zima, hutafutiwa mtu. Mara nyingi ni mjane, mzee asiye na watoto, au mgeni aliyekimbia vita. Minyoo hukaa kwa viraka kwa sababu haitembei mbali: kwa mwaka mzima hujisogeza yenyewe pengine meta moja tu. Husafiri kwa jembe letu, kwa maji ya mvua yanayoteremka, na kwa miche ya tomati iliyokuzwa kwenye udongo wenye ugonjwa. Mjane wetu alikuwa amepanda tomati pale misimu miwili mfululizo, kwa miche aliyopewa bure. Hiyo ndiyo iliyozikwa kwenye shamba lake.

Kuvu zinazowinda na kuvu zinazokula mayai

Kuvu ni jamaa ya uyoga. Nyingi hatuzioni isipokuwa kama nyuzi nyeupe chini ya majani yanayooza. Katika udongo wenye uhai kuna kuvu za namna nyingi, na baadhi yao hula nematodi. Mungu aliziweka huko kabla hatujajua jina lake.

Za kwanza ni zile zinazowinda. Arthrobotrys oligospora hutengeneza nyavu za nyuzi zenye gundi; mnyoo akigusa, ananaswa, na nyuzi hupenya mwilini na kummaliza. Mjerumani Zopf aliona jambo hili kwa mikroskopi mwaka 1888. Kuna jamaa zake zinazotengeneza pete ya seli tatu. Mnyoo akipitisha kichwa, seli zile huvimba ghafla, chini ya sekunde moja, na kumkaba kama mtego wa panya porini. Kuvu hizi zinaweza kuishi kwa kula mabaki ya mimea. Mabaki yakiwa mengi na naitrojeni ikiwa kidogo, hugeukia minyoo kama nyama.

Za pili hazikimbizi mnyoo, hukaa karibu na mizizi na kula mayai. Hizi ndizo zenye faida kubwa kwa minyoo fundo, kwa sababu mayai yamekusanyika mahali pamoja. Maarufu ni mbili. Purpureocillium lilacinum, ambayo vitabu vya zamani huiita Paecilomyces lilacinus, ilitambuliwa kwenye mayai ya minyoo fundo huko Peru na Jatala na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika Kituo cha Kimataifa cha Viazi mjini Lima, mwaka 1979. Ya pili ni Pochonia chlamydosporia.

Historia ya Pochonia inanifurahisha. Wakulima wa Uingereza walipanda nafaka mahali pamoja miaka mingi, na kila mtu alitazamia kwamba minyoo ya nafaka, ambayo ni jamaa ya minyoo fundo, ingezidi. Iliongezeka mwanzoni, kisha ikapungua yenyewe. Brian Kerry na wenzake wa kituo cha Rothamsted walitaka kujua sababu. Walimwagia sehemu ya udongo formalini, dawa inayoua kuvu, na minyoo ikapanda juu tena. Ndipo wakajua kwamba kazi ilikuwa ikifanywa na kuvu za udongoni, na hii mojawapo. Hakuna aliyekuwa amezileta.

Pochonia ina kipaji na ina mpaka. Hukua juu ya mzizi bila kuuumiza, na ikikuta ute wenye mayai nje ya mzizi huyala. Lakini fundo likiwa kubwa, mayai hubaki ndani ya nyama ya mzizi, na kuvu haiyafikii. Kwa hiyo katika shamba lililojaa mafundo makubwa ya tomati, kuvu hii peke yake itashindwa. Hufanya vizuri pale ambapo minyoo imekwisha kupunguzwa kwa kubadilisha mimea. Na huishi vizuri kwenye mizizi ya mimea fulani, kama kabichi, kuliko kwenye mingine.

Huko Cuba, ambako madawa ya kununua nje yalikuwa shida, watafiti wa kilimo waliikuza Pochonia juu ya mchele na kuwapa wakulima wa mboga. Hawakuimwaga tu, waliiunganisha na kubadilisha mimea na kupima udongo kabla ya kupanda. Kenya pia, maeneo ya Thika na Naivasha, kuna makampuni yanayozalisha kuvu kwa ajili ya wakulima wa maua na mboga, hasa Trichoderma, kuvu ya kijani inayokaa kwenye mizizi, inayoshindana na magonjwa, inayoharibu mayai ya minyoo na kuamsha kinga ya mmea. Katika kituo cha icipe jijini Nairobi kuna wataalamu wanaoshughulikia nematodi za Afrika peke yake.

Kuna tena kuvu za mikoriza, zinazoingia ndani ya mizizi ya mihogo, maharagi na karanga na kuiletea fosforasi kutoka mbali. Haziwindi minyoo, lakini mmea ulio nazo huvumilia zaidi. Hizo tunazo tayari.

Hapa Kasongo tufanye nini?

Sokoni kwetu hakuna anayeuza kuvu hizi. Hata zingefika, ni viumbe hai: pakiti iliyokaa juu ya pikipiki siku kadhaa kwenye jua, kisha kwenye duka la mabati, inaweza kufika imekufa na bado ikauzwa kwa bei kamili. Ndugu akikuletea pakiti kutoka Bukavu au Kampala, uliza tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, na ilihifadhiwaje. Kama hana jibu, weka franka zako kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo shauri langu kwa parokia zetu si kununua kuvu bali kulisha zile zilizopo. Si shauri la kinyonge. Mwaka 1937 mtafiti Linford, aliyekuwa Hawaii kwenye mashamba ya mananasi, alichapisha matokeo yake: alichanganya majani ya mananasi yaliyokatwakatwa na udongo wenye minyoo fundo, na yalipokuwa yakioza, kuvu zinazowinda zikaamka na minyoo ikapungua. Tangu wakati huo wengi wamerudia kwa mboleo za namna nyingine. Matokeo hayalingani kila mahali, lakini mwelekeo ni ule ule.

Jambo la kwanza basi ni moto. Mwezi wa saba na wa nane tunachoma. Moto wa nyasi huunguza chakula cha kuvu juu ya ardhi, lakini joto lake haliingii chini zaidi ya vidole vichache. Mnyoo aliye kwenye kina cha mkono anabaki. Tunaua walinzi na kumwacha mwizi. Kama ni lazima kusafisha, kata, kusanya, lundika, ili yaoze. Mizizi yenye mafundo pekee ndiyo ichomwe, nje ya shamba.

Jua la kiangazi, kinyume chake, ni rafiki. Mara baada ya kuvuna, mwezi wa sita, chimbua viraka vyenye ugonjwa na geuza udongo, uache ukauke. Baada ya majuma mawili au matatu geuza tena. Mayai na watoto wa minyoo hawavumilii kukauka. Kuvu nyingi zina mbegu ngumu zinazongoja mvua. Fanya hivi kwenye viraka tu, si shamba lote, maana udongo ulio wazi kwenye mteremko utachukuliwa na mvua ya mwezi wa tisa.

Kisha mboleo. Kila penye mashini ya mpunga hapa kwetu kuna lundo la maganda linalochomwa au kuachwa. Maganda peke yake huoza polepole na huiba naitrojeni ya mimea, kwa hiyo yachanganye na samadi ya mbuzi au kuku, majani mabichi, na majivu kidogo ya jikoni. Samadi ya kuku ina nguvu maalumu: inapooza hutoa amonia inayoua minyoo. Lakini ikiwa mbichi huunguza mbegu pia, basi iache majuma mengi kwenye lundo. Lundo ligeuzwe, liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, lifunikwe na majani ya ndizi. Kilo moja au mbili kwa kila meta ya mraba, zikichanganywa na udongo wa juu kabla ya kupanda, ni kipimo kizuri. Asiye na mboleo ya kutosha kwa shamba zima aweke viganja viwili katika kila shimo. Na arudie kila msimu, maana kuvu zikila zikamaliza, hulala tena. Yule mtunza mizabibu wa Luka sura ya 13 aliomba mwaka mmoja ili auchimbie mtini na kuutilia samadi. Hakuahidi kwamba utazaa, aliomba muda. Kwa minyoo fundo mimi ningeomba misimu mitatu.

La nne ni kubadilisha mimea, na hapa kuna habari njema kwa Kasongo. Aina ya minyoo fundo iliyoenea zaidi katika nchi za joto, Meloidogyne incognita, haizai kwenye karanga. Watoto wake wakiingia kwenye mizizi ya karanga hufa njaa. Kwa hiyo mahali maharagi na tomati vimeharibika, karanga zinaweza kuwa pumziko na chakula kwa wakati mmoja. Angalia tu: aina nyingine, kama Meloidogyne arenaria, hupenda karanga. Panda mistari michache kwanza, chimba baada ya majuma sita, utazame mizizi. Kama ni safi, endelea.

Mmea mwingine ni marejea, Crotalaria ochroleuca. Huko Tanzania, kwenye abasia ya Peramiho karibu na Songea, padri mmoja Mbenedikto, Gerold Rupper, alijulikana katika miaka ya 1980 kwa kuwahimiza wakulima kuupanda kama mboleo ya kijani. (Ndugu zetu Wakatoliki wametutangulia hapa, tuseme ukweli.) Marejea ni wa jamii ya kunde, kwa hiyo wengine huogopa kwamba utafuga minyoo. Sivyo: watoto wa minyoo huingia kwenye mizizi yake lakini wengi hawafiki kutaga. Hupandwa mwanzoni mwa mvua, hukatwa unapoanza kutoa maua, na kufukiwa. Hapo unakuwa chakula cha kuvu. Aina zingine za Crotalaria zina sumu kwa wanyama, basi mbuzi wasiachwe humo, hasa wakati wa mbegu.

Usafi ni jambo dogo linalosahauliwa. Osha jembe ukitoka kwenye kiraka kibaya. Usipokee miche yenye udongo usioujua. Mimi siku hizi hukataa hata zawadi ya miche mpaka nione mizizi yake, na watu wamezoea.

Maonyo mawili

Baadhi ya watu wamesikia kwamba kuvu hukuzwa juu ya mchele, wakaanza kulaza wali kwenye chungu mpaka uote ukungu wa kijani, ili waumwage shambani. Nawasihi wasifanye. Ukungu wa kijani unaoota wenyewe juu ya wali, mahindi au karanga mara nyingi ni Aspergillus, na aina moja yake hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Aspergillus hii ndiyo inayokaa pia kwenye karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Cuba walianza na kuvu safi kutoka maabara, katika vyombo vilivyochemshwa. Jikoni hatuwezi. Hata Purpureocillium ya dukani imewahi kuambukiza macho ya watu wachache. Anayeitumia afunike pua na macho, na anawe.

Onyo la pili ni chembe za dawa ya nematodi zinazopita sokoni bila karatasi, hasa zenye carbofuran. Dawa hiyo ni sumu kali kwa mtu, ndege na samaki, na mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ule unaozitaka nchi ziarifiwe na kukubali kabla ya sumu kama hizo kuingizwa. Historia ya dawa za nematodi si nzuri. DBCP iliuzwa katika nchi nyingi, na mwaka 1977 iligundulika kwamba wanaume wa kiwanda kimoja huko California walioitengeneza walikuwa hawazai tena. Mama anayepanda maharagi huku amebeba mtoto mgongoni asipewe chembe hizi na mtu yeyote, hata akiwa mtu wa msaada, hata akiwa mchungaji.

Jaribio la mikebe

Kabla ya msimu A, kwenye parokia yetu, tunafanya hivi mwezi wa saba. Kila mwanachama wa kikundi cha wamama huleta udongo kutoka mahali kumi ya shamba lake, kina cha kiganja hadi mkono, mahali penye unyevu bado. Anauchanganya na kujaza mkebe wa kilo moja uliotobolewa chini. Tunapanda maharagi matatu kila mkebe, tunamwagilia, tunaandika alama ya shamba, si jina la mtu. Mikebe hukaa chini ya kivuli chepesi cha mwembe kando ya kanisa. Mwishoni mwa mwezi wa nane tunaosha mizizi na kuhesabu mafundo mbele ya wote. Mzizi safi: panda upendacho. Mafundo machache: mboleo na uangalifu. Mafundo yasiyohesabika: karanga au marejea, na usiguse tomati pale kwa misimu miwili.

Mjane wetu alipanda karanga mwaka uliofuata, na mizizi ilikuwa safi. Mwaka wa pili alirudisha maharagi, yenye mboleo ya maganda na samadi. Mafundo yalikuwepo, lakini madogo, na vinundu vilikuwa vingi kuliko mafundo. Mwaka huo shemeji yake naye alileta mkebe, ingawa shamba lake lilikuwa bado la kijani. Alisimama karibu nilipokuwa nikiosha mizizi. Tulihesabu mafundo kumi na manne.